Mlango wa Upande wa Mto

Hadithi ninayoileta hapa hutaiamini, na sitakulaumu, maana hata mimi niliyekuwa ndani yake kuna siku naamka na kuikataa. Ni habari ya mwanamke aliyenunua kombi jipya lenye kasoro, akailalamikia kasoro hiyo toka siku ya kwanza, na kasoro ile ile ikaja ikamwokolea mume. Kama huitaki, funga karatasi, nenda kasonge bukari. Ukibaki, usinikatize. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. La tano lilinisubiri mlangoni, likachoka, likaenda zake. Mtu akinikatiza napotea.

Mwanamke mwenyewe ni mwipwa wangu, Kabedi, binti ya dada yangu wa Bukama. Mimi ni Numbi. Kolwezi nzima wananiita Tonton Numbi, yaani Mjomba Numbi, hata wenye mvi kuliko mimi, kwa heshima au kwa kunicheka, sijachunguza. Ninaandika haya nyumbani kwake Dilala, mtaa wa hapa Kolwezi, katika moja ya zile nyumba za zamani za Kampuni ya shaba, juu ya meza yake, na kila nikimaliza kipande ninamsomea kwa sauti. Yeye anachambua maharage na kunisikiliza kwa sikio moja. Mpaka sasa hajasema kitu. Ni dalili nzuri.

Kabedi alikuwa mwuza samaki. Samaki wa chumvi, wa maziwa ya kwetu kule Bukama. Aliwaleta kwa gari-moshi akawauza Dilala na Musonoi. Mumewe, Muamba, alikuwa fundi wa umeme katika Kampuni. Baba yake Muamba aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, zamani za Wabelgiji. Yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa Kolwezi, na Kasai aliijua kwenye ramani ya shule tu. Mtu mpole sana. Akisema maneno matatu kwa siku, la tatu ni asante.

Ndipo Kampuni ikaanza kuanguka. Haikuanguka kwa kishindo kama ukuta. Ilianguka kama jino bovu: leo linauma, kesho linatikisika, na wewe bado unalitafunia. Mshahara ukawa unakuja unapotaka. Unga wa posho ukapotea. Vumbi la kule Kingamyambo, kwenye mabaki ya mgodi, tu ndilo halikukosa kuja, hilo lilikuwa la bure na la kila siku. Wanaume walikaa barazani wakisema itarudi, itarudi. Kabedi hakukaa.

"Kampuni inakufa," alimwambia mumewe mbele yangu. "Mi sitakufa nayo. Nataka motoka. Motoka ya mupya."

"Kuna okazioni nyingi Lubumbashi, zilizokwisha kutumika," nikasema mimi, mtu wa ushauri.

"Tonton, motoka ya okazioni iko sawa mwanaume aliyeachwa na bibi watatu. Unauliza kwa nini aliachwa, hakuna mwenye kukuambia. Unakuja kujua usiku."

Muamba akacheka. Hilo lilikuwa neno lake la siku hiyo.

Akauza samaki miaka, mpaka mikono ikawa inanuka hata Jumapili kanisani, na siku ikafika tukaenda Lubumbashi watatu: yeye mwenye kununua, Muamba mwenye kujua waya, na mimi mwenye kujua magari, kwa kuwa niliwahi kuendesha lori. (Kabedi amekohoa hapa. Basi, niliwahi kukaa karibu sana na aliyekuwa akiliendesha.)

Muuzaji alikuwa na kombi mbili uani. Moja imetoka Ulaya, usukani kushoto kama sheria yetu inavyotaka, lakini kiti kimepasuka na injini inakohoa kama mzee wa mgodi. Ya pili mpya kabisa, nyeupe, viti bado vimevaa nailoni ya kiwandani. Usukani wake ulikuwa kuume. Ilikuwa imeagizwa kwa mtu wa Zambia, huko wanakopita kushoto kama Waingereza, na mtu wa Zambia akashindwa kulipa.

Ungemwona Kabedi anavyochagua! Muuzaji anamwonyesha injini, yeye haangalii injini. Alikuwa amekuja na gunia lake kutoka nyumbani, akalilaza ndani apime. Alipanda na kushuka, akapanda tena, kuona kama mama mwenye kikwembe anaweza kuingia bila kuonyesha goti. Alikaa kila kiti. Alifunga mlango kwa nguvu na kwa upole. Ule mlango wa kusukuma, wa abiria, ulikuwa ubavu wa kushoto, akaufungua kwa kidole kimoja, akapenda.

Muamba alizunguka gari kimya, kisha akasema. "Mama Kabedi. Volani iko upande mubaya."

"Barabara za Kolwezi ziko na upande?" akajibu. "Kila mutu anakimbia shimo."

Akalipa. Tukarudi nalo, na toka hapo malalamiko yakaanza.

La kwanza, nailoni. Sisi Kolwezi mtu hatoi nailoni ya kiti kipya, maana ukishaitoa nani atajua kwamba kilikuwa kipya? Kwa hiyo tulikaa juu yake. Jua likiwaka, unashuka suruali imeshika matako kama umejikojolea. Ukijigeuza kidogo tu inalia kwarr! gari zima linajua. Mama yake Muamba, Kaku Tshibola, bibi mdogo wa mwili na mkubwa wa ulimi, alisema kukaa ndani ya kombi lile ni kama kukaa ndani ya mkate uliofungwa dukani.

La pili, honi. Gari kubwa namna ile, honi ya mwana-mbuzi. Baiskeli za makaa hazikuiondokea. Zilidhani kuna mtu nyuma anapeleka mnyama sokoni.

Lakini lile baya kuliko yote lilikuwa la mlango. Fikiri mwenyewe. Sisi tunapita kuume. Unasimama kuume mwa barabara, na mlango wako uko kushoto. Basi abiria wako wote wanashuka katikati ya barabara! Siku ya kwanza tu soko la Dilala, Kaku Tshibola alishuka na kikapu chake uso kwa uso na baiskeli yenye magunia manne ya makaa. Hakuumia, lakini maneno aliyomwambia yule mwenye baiskeli, kwa Kiluba cha Kasai, mimi niliyaelewa nusu na nusu hiyo inanitosha mpaka kufa. Kutoka siku hiyo watu wa Dilala wakalibatiza gari jina: Kombi ya Kinyume.

"Mama Kabedi, mlango yako inafungukia wapi leo? Mbinguni?"

"Inafungukia kwa wenye feza," anawajibu, anapita. Lakini nyumbani, jioni, niliwahi kumwona amesimama mbele ya ule mlango, mikono kiunoni, anauangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyerudi na barua ya mwalimu.

Na kulikuwa na la kupita malori. Usukani ukiwa kuume, na lori liko mbele yako, huoni kitu: unaona matako ya lori na vumbi. Anayeona ni yule aliyekaa kushoto. Hapo ndipo Muamba alipopata kazi, baada ya Kampuni kumwambia akae nyumbani angojee. Alikaa pale mbele kushoto, mahali ambapo watu wote wa nchi hii wanategemea kumwona shofere, anachungulia, anasema, "Ngoja... ngoja... Pita!" Na Kabedi, asiyeona chochote, anakanyaga mafuta. Hajawahi kumwuliza una hakika. Nimeona ndoa nyingi za kanisani zenye keki na picha, lakini sijaona nyingine ambapo mwanamke anaingia mbele ya lori la shaba kwa neno moja la mumewe.

Mimi nilimjaribu siku moja, Muamba akiwa na homa. Nikakaa kushoto, nikasema, "Pita!" Akasimamisha gari, akashuka, akaenda kuangalia mwenyewe.

Basi, ikaja ile miaka. Wewe uliyekuwapo huna haja ya kuambiwa, na wewe usiyekuwapo nitakuambia kwa kifupi. Wakubwa walisema kwenye mikutano kwamba njaa ya Katanga imeletwa na watu wa Kasai. Vijana wasio na kazi wakaamini, maana ni rahisi kumfukuza jirani kuliko kuirudisha Kampuni. Nyumba zikawekwa alama. Watu waliozaliwa hapa, waliozika wazazi wao hapa, wakabebeshwa magodoro mpaka gare, na huko gare wakalala chini ya mashuka na makaratasi wakingojea gari-moshi lisilokuja, mvua juu yao, watoto wanaharisha. Wapo waliozikwa kando ya reli kabla ya kuona behewa. Mimi ni mtu wa mzaha, lakini hapo gare sikuwahi kupata mzaha hata mmoja, na sitautafuta leo.

Kwa Kabedi alikuja jirani, Kisimba, amevaa koti, na wenzake wawili.

"Mama Kabedi," akasema, "weye uko wetu, mutoto wa Bukama. Hakuna mwenye kukugusa. Lakini bwana yako aende gare na mama yake. Kesho."

"Na motoka?"

"Motoka yako itabaki yako. Lakini ukienda na yeye, njo kusema umekuwa wa Kasai, na wa Kasai hapana kutoka na motoka. Njo vile bamepanga."

Shika vizuri hapo, msomaji (njo yetu ni ndiyo yenu), maana hadithi yote iko hapo. Barabarani kulikuwa na vizuizi vya vijana. Ukiwa wa Kasai, walikuachia roho na kukunyang'anya gari. Ukiwa wa Katanga, gari lako salama, lakini mtu wa Kasai aliye ndani anashushwa, na akishashushwa peke yake hapo, porini, hakuna wa kukuambia amefika wapi. Kwa hiyo Kabedi angeweza kuokoa kimoja. Gari au mume.

Alisubiri Kisimba atoke. Kisha akaniambia, "Tonton, tunaenda Bukama. Sisi bote. Na motoka."

"Mwipwa, chagua."

"Niliisha kuchagua, mara mbili. Mume nilimuchagua, motoka niliichagua. Sasa banataka nichague nini tena?"

"Kisimba anasema..."

"Kisimba atanisemea 'pita' kwenye njia ya Bukama? Mi sina jicho ya kushoto, Tonton. Jicho yangu ya kushoto njo Muamba."

Watoto wao walikuwa wameshatangulia kwa dada yangu. Tulikuwa wanne: Kabedi kwenye usukani, Muamba kushoto kwake, Kaku Tshibola kiti cha kati amefungwa mdomo kwa amri, maana akitamka neno moja lafudhi inatuuza, na mimi nyuma kabisa pamoja na magunia ya samaki. Nilitoa wazo Muamba afichwe chini ya magunia. Kabedi akaniangalia kwenye kioo. "Bwana yangu si samaki." Akawasha gari.

Kutoka Kolwezi mpaka daraja la Lualaba hakuna aliyesema kitu isipokuwa nailoni.

Nimeambiwa na watu kwamba vijana wa vizuizi walikuwa wajinga. Hawa wa darajani hawakuwa wajinga. Waliweka magogo yao upande wa mbali wa daraja, si mwanzoni. Ukishaingia darajani umeingia: mbele magogo, pembeni chuma, chini mto. Walikuwa kama kumi, na mkubwa wao alifunga tai ya shule kichwani kama kilemba. Waliita gari moja moja, wanashusha watu, wanauliza majina.

Kabedi akapunguza mwendo mdomoni mwa daraja. Nilidhani anaogopa. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anapima, kama siku ile alipopima gunia uani kwa muuzaji.

"Muamba," akasema, "ile chuma ya daraja, ya kushoto. Iko mbali namna gani?"

Muamba akachungulia. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza. Mimi nilikuwa bado nasali.

"Mbali," akasema. "Kuja."

Akaja kushoto. Akatoka upande wake kabisa, akaingia upande wa wenzake.

"Kuja. Kuja tena. Kidogo. Kidogo... Gusa."

Likagusa. Kombi lile alikuwa akilisugua kila asubuhi kwa kitambaa cha mtoto, na sasa lilianza kulia juu ya chuma cha daraja, mlio wa kutoa meno ganzi, rangi nyeupe inachubuka kutoka taa mpaka mlango. Kioo cha pembeni kikakatika kikaenda mtoni. Kabedi hakuondoa mguu. Alilikwaruza mpaka mbele ya magogo, ubavu wote wa kushoto umenata na chuma, akazima injini, akashika usukani kwa mikono miwili. Nyuma yetu lori la makaa likaja mpaka likakaribia kutubusu, na shofere wake akaanza kupiga honi. Hiyo ndiyo honi!

Sasa, kijana wa kizuizi anapoenda kunyang'anya funguo, anaenda wapi? Kushoto, kwa shofere. Mkono umezoea. Kijana mmoja mwembamba akatoka mbio, akafika, akakuta hapana pa kusimama. Lakini alikuwa na bidii, angefika mbali shuleni kama shule ingekuwapo. Akapanda chuma, akavuka upande wa mto, akakanyaga ukingo mdogo wa nje, akaingiza mkono dirishani kwa Muamba.

"Leta funguo!"

Muamba akafungua kisanduku kilichokuwa mbele yake, akatoa karanga za kuchemsha, akampa. Kijana akazipokea, njaa haiulizi kabila.

"Na volani iko wapi?"

"Iko kwa mama," Muamba akasema.

Huku kuume, yule mwenye tai amefika dirishani kwa Kabedi, naye amechanganyikiwa, kwa maana alitarajia abiria na amekuta shofere.

"Mama, jina?"

"Kabedi."

"Kabedi wa wapi? Wa huku ao wa Kasai?"

Ndiyo hiyo sasa. Jina hilo, msomaji, liko huku na liko kule. Waluba wa Katanga wanalo, Waluba wa Kasai wanalo, na halina alama mgongoni.

"Mama yako njo nani?" akamrudishia.

"Mi njo nauliza!"

"Na mi nauliza. Kabedi ngapi uko nabo kwenu?"

Sauti ikatoka upande wa mto, mdomo umejaa karanga. "Chef, mama yangu mi njo Kabedi."

Wenzake wakacheka. Mwenye tai akakasirika.

"Basi mwende mumushushe mama yake ule kwanza," akasema Kabedi. "Akishuka, na mi nashuka." Kisha akamwaga Kiluba cha kwetu, cha ziwani, na majina ya mababu, na kijiji, na samaki wa kile kijiji, na nani alimzaa nani, mpaka mwenye tai akainua mikono.

"Sawa, mama, sawa. Uko wetu. Motoka yako pita nayo. Lakini ule bwana ashuke."

"Muchukue."

"Ashuke, mama!"

"Nimesema muchukue. Mlango njo ile."

Akazunguka mbele kwenda kuangalia. Mlango wa mbele upo, umenata na chuma. Mlango wa kusukuma upo, unafunguka vizuri kwa kidole kimoja, unafungukia Lualaba. Akaenda nyuma: magunia ndani, pua ya lori nje, hata mkono haupiti. Akarudi kwa Kabedi, tai imemshuka machoni.

"Sogeza motoka."

"Siwezi kusogea bila yeye kunisemea. Sioni kushoto. Uliza Dilala yote."

"Basi apitie kwako."

"Juu ya mapaja yangu?" Hakupaza sauti. "Njo vizuri. Panda weye. Kuja umukokote bwana juu ya mapaja ya mama yako. Naweka kikwembe vizuri, panda."

Mahali pengine labda mtu angepanda. Kwetu hata mlevi haruki miguu ya mama aliyekaa, sembuse mapaja. Yule kijana aliangalia mapaja, akaangalia wenzake, wenzake wakaangalia mto. Kiti kikalia kwarr! Kaku Tshibola alikuwa anajizuia kwa nguvu zote asiseme alichokuwa nacho moyoni.

Sijui tungekaa pale mpaka lini. Ila yule wa karanga, kwa kutaka kusikia vizuri, akasogeza mguu. Ukingo ulikuwa na maji ya mvua. Tulisikia "Mama!" na uso wake ukapotea dirishani.

Muamba alikuwa ameshatoa mikono yote miwili. Akamshika mkanda. Kijana ananing'inia nje ya daraja, maji ya mwisho wa masika yanapita chini mekundu, na Muamba kifua chake kiko nusu nje ya dirisha, mishipa ya shingo imesimama kama waya zake za umeme.

"Mama Kabedi," akasema polepole. "Usisogee."

Na hapo ndipo kila mtu darajani alipoelewa hesabu. Kijana hawezi kupanda, kwa sababu kombi limejaza nafasi yote juu ya chuma. Ili apande, kombi lisogee. Nyuma kuna lori. Mbele kuna magogo.

"Chef!" kijana analia. "Magogo, chef! Toa magogo!"

Mwenye tai akasimama. Nilimwona anamwangalia Muamba, mtu aliyetaka kumshusha, na mkono wa Muamba, na mkanda. Kisha akawapigia wenzake kelele, na magogo yale waliyoyaweka asubuhi nzima yakatoka kwa mara moja.

"Sasa," Muamba akasema. "Kuja. Pole. Pole... pole..." Kabedi akawasha, akatambaa, hajui kinachotokea kushoto kwake, anajua sauti ile tu. Chuma kikalia tena. Muamba anasogea na gari, hamwachi kijana, mpaka dirisha likafika mwisho wa chuma na wenzake wakamdaka mikono, mabega, nywele, walichokipata.

"Bamemushika?" Kabedi akauliza.

"Bamemushika."

"Na mbele?"

Muamba akarudi kitini, akafuta mikono kwenye suruali, akachungulia.

"Pita," akasema.

Akakanyaga. Nailoni, samaki, Kaku Tshibola, sisi wote tukaruka. Na tulipokwisha kuacha daraja mbali, yule bibi ndipo alipofungua mdomo, akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Kabedi, mlango hii usibadilishe."

Bukama walikaa miaka. Vizuizi vilipokwisha na watu kuanza kuona aibu, walirudi Dilala, na nyumba yao iligombaniwa na hadithi hiyo ni ya siku nyingine na ya hasira nyingine. Kombi limekufa sasa, limelala nyuma ya jiko, kuku wanataga juu ya nailoni. Ule ubavu uliochubuka Kabedi hakuupaka rangi kamwe. Na Muamba yuko hai, amekaa hapo barazani. Mkewe akitaka kuvuka barabara siku hizi, kwa hizi motari za pikipiki zinazojaa kila mahali, anasimama ukingoni na kumngojea aseme.

Lakini naona nimejisahau. Kwa unyenyekevu wangu nimeandika kana kwamba mimi sikufanya kitu. Mkanda ule, kusema kweli, ulikuwa unakatika. Muamba ni fundi wa waya, si mtu wa nguvu. Mimi nilipoona hivyo nikatupa magunia huku na huku, nikamruka Kaku Tshibola bila kumgusa, nikausukuma mlango, nikaruka nje, nikasimama imara kabisa, nikamkamata kijana kwa mkono wangu wa kuume, na huu wa kushoto nikam—

"Tonton." Kabedi ameweka ungo wa maharage chini. "Uliruka nje ukasimama wapi?"